Raspberry Pi Inapogoma Kuwaka Baada ya Kuflashiwa Upya

Mtu anapomaliza kuflashi kadi ya Raspberry Pi, yaani kuandika mfumo kwenye kadi ya kompyuta hiyo ndogo ya bodi moja, akairudisha kwenye bodi, akachomeka umeme na kukuta skrini nyeusi, mara nyingi huitoa kadi na kuiflashi tena palepale. Isipowaka, huiflashi mara ya tatu, kisha hubadilisha chaja, kadi na imeji (faili lenye mfumo mzima) kwa wakati mmoja, na hata bodi ikikubali kuwaka hana njia ya kujua ni kipi kilichoiponya. Tatizo likirudi baada ya wiki mbili, anaanza upya kama mtu asiyewahi kulishughulikia. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu bodi hizi zimebeba kazi kubwa mahali ambapo kompyuta ni chache: zipo shule zisizo na intaneti ambazo wanafunzi wake husoma nakala ya Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, iliyowekwa ndani ya bodi moja tu, na bodi hiyo ikizimika, maktaba yote imefungwa. Nitaitumia Pi 4 kama mfano, na nitataja Pi 3 na Pi 5 pale zinapotofautiana nayo.

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima ujue safari ya kuwaka inapita wapi. Umeme ukifika, kichakato huamsha butiloda, yaani programu ndogo inayotafuta mfumo wa kuupakia. Kwenye Pi 4 na Pi 5 butiloda hiyo imehifadhiwa katika chipu ya EEPROM iliyo juu ya bodi yenyewe, lakini kwenye Pi 3 na zilizotangulia faili la bootcode.bin husomwa kutoka kwenye kadi. Butiloda huisoma patisheni (sehemu) ya kwanza ya kadi, ambayo mpangilio wake wa mafaili ni FAT32, na humo Pi 4 hulipakia faili la start4.elf, halafu husoma config.txt, halafu hupakia kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambayo kwa mfumo wa biti 64 ni kernel8.img. Kerneli nayo husoma maelekezo yaliyomo ndani ya cmdline.txt, huitafuta patisheni ya pili, ya ext4, na kuukabidhi mfumo wenyewe kazi iliyobaki. Kila kituo katika safari hiyo kina dalili zake kinapokwama, na kazi yako yote ni kutambua safari imeishia kituo gani. Kuflashi upya hurekebisha vituo vichache tu kati ya hivyo.

Itoe kadi kwanza

Jaribio ninaloanza nalo daima halihitaji kadi wala imeji. Zima umeme, itoe kadi, chomoa kila kitu kilicho kwenye matundu ya USB, kisha chomeka skrini kwenye tundu la HDMI lililo karibu zaidi na tundu la umeme. Pi 4 ina matundu mawili ya HDMI ndogo na butiloda huanza na hilo la karibu. Watu wengi hupoteza siku nzima kwa sababu waya wao umechomekwa kwenye lile la pili. Washa skrini kwanza, ndipo uwashe bodi. Baada ya sekunde chache unapaswa kuuona ukurasa wa maandishi wa butiloda, wenye aina ya bodi, tarehe ya butiloda na maelezo kwamba kadi haikuonekana.

Ukiuona ukurasa huo, bodi ni nzima, umeme unatosha walau kwa kuanzia, waya wa skrini ni mzima, na tatizo liko kwenye kadi au ndani yake. Usipouona, kuflashi mara mia hakutakusaidia, kwa kuwa hiyo kadi haikuwepo hata kidogo wakati wa jaribio. Bodi za Pi 4 zilizotoka kiwandani mwanzoni, ambazo butiloda yake haijawahi kusasishwa, huenda zisionyeshe ukurasa huu; kwa hizo itakubidi utegemee taa. Pi 3 haionyeshi kitu bila kadi, na hilo si kasoro.

Umeme

Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 3, Pi 3 inataka ampea 2.5, na Pi 5 inataka ampea 5. Chaja ya simu iliyoandikwa volti 5 na ampea 2 huweza kuiwasha taa nyekundu na kukufanya uamini umeme upo, kumbe volti zinaanguka mara tu kichakato kinapoanza kazi. Mpaka ambao bodi hulalamikia ni volti 4.63: zikishuka chini ya hapo, taa nyekundu huzimika au hupepesa, na alama ya radi hutokea kwenye pembe ya skrini kama picha imeshafika. Ndiyo maana bodi inaweza kuwaka vizuri na mfumo mwepesi wa zamani, kisha ikagoma na mfumo mpya ulioflashiwa jana, ilhali kadi haina kosa lolote.

Waya nao ni mshukiwa mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Waya mrefu na mwembamba hula volti njiani, na waya uliokunjwakunjwa kwa miaka miwili hula zaidi. Kuna pia kasoro inayojulikana ya Pi 4 za toleo la kwanza lililotoka mwaka 2019: sakiti ya tundu lake la USB-C ilikosewa, kiasi kwamba waya zenye chipu ya utambulisho, ambazo huja na chaja za kompyuta mpakato, huidhania bodi kuwa kifaa cha sauti, na chaja inakataa kutoa umeme. Hapo taa nyekundu haiwaki kabisa. Dawa ni waya wa kawaida usio na chipu hiyo, au chaja ambayo waya wake haung'oki.

Ukiwa na mita ya kupimia volti, pima moja kwa moja kwenye pini za bodi ikiwa imewashwa: pini namba 2 ni volti 5 na pini namba 6 ni ardhi (GND). Weka ncha za mita kwa utulivu mkubwa, kwani pini namba 1, ya volti 3.3, iko ubavuni mwa namba 2, na kuziunganisha hizo mbili hata kwa nukta moja kunaweza kuiua bodi.

Kuihesabu taa ya kijani

Taa ya kijani ndiyo mdomo wa bodi isiyo na skrini. Ikipepesa ovyo bila mpangilio, kadi inasomwa, na huenda bodi imewaka tayari. Nitalirudia jambo hilo mbele. Ikipepesa kwa mpangilio, ikapumzika, kisha ikarudia mpangilio uleule, inakutajia kosa kwa namba. Chukua karatasi, hesabu mizunguko mitatu, uandike.

Mipepeso 4 mifupi ina maana kwamba faili la start4.elf halikupatikana, na hii ndiyo dalili ya kawaida ya kadi ambayo haikuflashiwa ipasavyo. Mipepeso 7 ina maana kerneli haikupatikana. Mipepeso 8 inaielekeza lawama kwenye kumbukumbu ya bodi yenyewe, SDRAM, na hapo kadi haina la kufanya. Mirefu 2 ikifuatwa na mfupi 1 inasema patisheni iliyosomwa si ya FAT, na mirefu 2 na mifupi 2 inasema patisheni ilionekana lakini haikusomeka. Mirefu 3 na mfupi 1 ni kosa la chipu ya EEPROM. Mirefu 4 na mifupi 4 inamaanisha programu iliyomo kwenye kadi haiitambui aina ya bodi, jambo linalotokea mtu anapoichukua kadi ya bodi ya zamani na kuitia kwenye mpya.

Kwa wenye skrini, rangi za upinde wa mvua zikibaki bila kusonga kwenye Pi 4 au Pi 3 ni habari njema kwa nusu: start4.elf (au start.elf kwenye Pi 3) imepakiwa, umeme umefika, ila kerneli haikuanza. Usirudi nyuma kushuku chaja kabla hujayatazama mafaili ya kerneli.

Kadi na imeji

Sasa ndipo tunapofika kwenye kadi. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine na utazame kilichomo. Ukiifungua na kukuta faili moja kubwa linaloishia na .img.xz, basi imeji ilinakiliwa tu kama unavyonakili wimbo, haikuflashiwa. Butiloda haiwezi kusoma kitu kama hicho. Kadi iliyoflashiwa sawasawa huonyesha patisheni ndogo ya FAT32 yenye config.txt, cmdline.txt, mafaili ya kerneli na mengine mengi.

Watumiaji wa Windows wana mtego wao wa pekee. Mara tu baada ya kuflashi, Windows huiona patisheni ya ext4, inashindwa kuielewa, na kuleta dirisha linalokuomba uifomati ili uweze kuitumia. Ukikubali, umefuta mfumo ulioutia dakika moja iliyopita. Funga dirisha hilo bila kufomati chochote, kisha toa kadi kwa utaratibu.

Hakikisha pia imeji inaendana na bodi. Mfumo wa biti 64 hufanya kazi kwenye Pi 3, Pi 4, Pi 5 na Zero 2 W, lakini hauwezi kuwaka kwenye Pi Zero ya kwanza, Zero W wala Pi 1, kwa kuwa vichakato vyake ni vya biti 32. Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haiwaki na mifumo iliyoitangulia Bookworm, toleo mojawapo la mfumo rasmi wa Raspberry Pi, hata kama kadi hiyohiyo inawaka vizuri kwenye Pi 4.

Imeji iliyopakuliwa kwa mtandao unaokatikakatika inaweza kuwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Kwenye Linux andika sha256sum ukifuatisha jina la faili, na kwenye Windows andika certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, kisha linganisha matokeo na herufi zilizochapishwa pale ulipolipakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Unapoflashi kwa Raspberry Pi Imager, programu rasmi ya kuflashia, usiiruke hatua ya mwisho ya uhakiki hata kama umeme wa nyumbani unakutia wasiwasi wa kukatika. Dakika hizo chache ndizo zinazolinganisha kilichoandikwa na kilichokusudiwa kuandikwa.

Uhakiki ukishindwa mara mbili mfululizo kwenye sehemu tofauti za kadi, ishuku kadi yenyewe. Kadi bandia zinazodai ukubwa usiokuwa wake zimejaa madukani: kadi imeandikwa GB 64, kompyuta inaonyesha GB 64, lakini ndani mna GB 8 tu, na data zinazozidi hapo hupotea au huandikwa juu ya zilizotangulia. Kadi ya namna hiyo inaweza kuipokea imeji ndogo bila tatizo na kuanza kuharibika baada ya siku kadhaa, mfumo unapokua. Programu ya F3 kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows, huijaza kadi yote kisha kuisoma, na jibu lake halina ubishi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa na huhitaji kadi iwe tupu, kwa hiyo ifanye kabla ya kuflashi. Nimeiweka kuwa kanuni kwa kila kadi mpya inayopita mikononi mwangu, na nakusihi nawe ufanye hivyo, hasa kama kadi inakwenda mahali ambapo kurudi kuirekebisha ni safari ya siku nzima.

Pale kerneli inapowaka na kupotea njia

Hapa ndipo penye kosa ambalo limenipotezea muda mwingi kuliko mengine yote, na kwa kuwa hutokea kwa watu waangalifu, wale wanaohifadhi nakala, nitalieleza kwa urefu.

Bodi ya shule moja ilikuwa ikiwaka vizuri kabla ya kuflashiwa. Fundi aliyeflashi alifanya jambo la busara: alinakili pembeni config.txt na cmdline.txt za zamani, akaflashi imeji mpya, kisha akarudisha mafaili yote mawili ili mipangilio isipotee. Tangu hapo bodi ilileta maandishi machache kwenye skrini na kusimama. Kadi tatu zilibadilishwa, na kila kadi mpya ilirudishiwa mafaili yaleyale, hivyo kila kadi mpya ikagoma vilevile. Walifikia uamuzi kwamba bodi imekufa.

Ndani ya cmdline.txt mna maneno root=PARTUUID= yakifuatwa na namba ya utambulisho wa patisheni ya pili. Namba hiyo hutengenezwa upya kadi inapoflashiwa na mfumo kuwaka kwa mara ya kwanza, na cmdline.txt hurekebishwa palepale ili ilingane nayo. Ukirudisha faili la zamani, unaiagiza kerneli iitafute patisheni ambayo haipo tena duniani. Dalili zake ni mistari inayosema Waiting for root device, au Kernel panic yenye maneno Unable to mount root fs, au katika mifumo mipya ujumbe kwamba PARTUUID does not exist, kisha unaachwa kwenye mstari wa amri wa initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuwashia.

Kulirekebisha ni rahisi ukishalijua. Ichomeke kadi kwenye kompyuta ya Linux, andika sudo blkid, itazame PARTUUID ya patisheni ya pili, ambayo huishia na -02, kisha ifungue cmdline.txt na uiandike namba hiyo mahali pa ile ya zamani. Fanya vivyo hivyo katika faili la etc/fstab lililo ndani ya patisheni ya pili. Usisahau kwamba cmdline.txt lazima yote iwe katika mstari mmoja; ukibonyeza Enter katikati yake, kila kinachofuata hakisomwi, na kama root= imeangukia mstari wa pili ni sawa na kuifuta.

Kwa config.txt, ushauri wangu ni kutoirudisha nzima kamwe. Soma ya zamani, chukua mistari unayoielewa, uiongeze mmoja mmoja kwenye mpya. Mipangilio ya kuongeza kasi ya kichakato iliyovumiliwa na mfumo wa zamani huweza kuuangusha mpya, na mistari ya kulazimisha aina fulani ya picha ya HDMI huweza kukuletea skrini nyeusi juu ya bodi inayofanya kazi kikamilifu.

Wanaotumia diski ya SSD kupitia USB wana jambo la nyongeza. Ukiinakili kadi kwenda kwenye diski na kuviacha vyote viwili vimechomekwa, vitakuwa na PARTUUID moja, na huwezi kutabiri kerneli itashika kipi. Toa kadi. Vilevile diski hula umeme mwingi kuliko kadi, na Pi 5 iliyowashwa kwa chaja ya ampea 3 huibana mikondo ya USB hadi miliampea 600, kiasi ambacho SSD nyingi hazitosheki nacho.

Huenda imewaka na wewe huioni

Bodi nyingi zisizo na skrini huhukumiwa kufa kwa sababu tu hazikuonekana kwenye mtandao. Tangu Aprili 2022 mfumo rasmi wa Raspberry Pi hauji na mtumiaji wa kawaida wa pi wala nywila yake ya zamani, kwa hiyo usipomtengeneza mtumiaji ndani ya Imager kabla ya kuflashi, bodi itawaka na kusubiri mtu aje na kibodi. Mazoea ya kutia faili la wpa_supplicant.conf kwenye patisheni ya kwanza ili kupata Wi-Fi nayo yalikoma na Bookworm, ambayo hutumia NetworkManager. Weka jina la mtandao, nywila na nchi yako kupitia mipangilio ya Imager, uruhusu SSH (njia ya kuingia kwenye bodi kutoka kompyuta nyingine) hapohapo, na uhakikishe Imager yenyewe ni toleo jipya.

Kuondoa shaka, unganisha bodi na ruta kwa waya wa mtandao. Taa za tundu hilo zikiwaka na jina la bodi likatokea kwenye orodha ya vifaa vya ruta, mfumo uko hai, na tatizo lako limehamia kwenye Wi-Fi. Kumbuka pia kuwa mara ya kwanza mfumo huipanua patisheni ya pili na kujizima na kujiwasha wenyewe. Ipe bodi dakika tano kamili kwenye kadi ya polepole. Ukichomoa umeme katikati ya upanuzi huo, umelitengeneza tatizo halisi.

Kuirudishia bodi butiloda yake

Kama jaribio la bila kadi halikuonyesha kitu, na chaja unayoiamini imeshindwa, kilichobaki kwa Pi 4 na Pi 5 ni butiloda. Fungua Imager, chagua bodi yako, nenda kwenye Misc utility images, kisha Bootloader, kisha SD Card Boot. Kadi yoyote ndogo inatosha, ila kila kilichomo kitafutwa. Itie kwenye bodi, washa, na usubiri zaidi ya sekunde 10. Taa ya kijani ikipepesa haraka bila kukoma, na skrini ikiwa ya kijani yote, kazi imekamilika. Zima umeme, toa kadi, urudie jaribio la mwanzo.

Ikiwa bado kimya, tumia adapta ya siriali, inayopeleka maandishi ya bodi kwenye kompyuta nyingine, ya volti 3.3, kamwe si ya volti 5. Ardhi ya adapta huenda pini namba 6, RX yake (ya kupokea) huenda pini namba 8, na TX yake (ya kutuma) pini namba 10. Waya wa umeme wa adapta uache ukining'inia. Pi 5 ina tundu lake la siriali lenye pini tatu katikati ya matundu ya HDMI. Kwenye config.txt ongeza enable_uart=1 na uart_2ndstage=1, fungua programu ya terminali kwa kasi ya 115200, kisha washa. Kila mstari utakaotokea utakuonyesha safari ilipofika, na mstari wa mwisho ndio wa kuufanyia kazi.

Usipopata hata herufi moja, rudi kwenye mita na upime pini namba 1. Volti 5 zikiwepo pini namba 2 lakini volti 3.3 hazipo pini namba 1, sakiti ya kugawa umeme kwenye bodi imeungua, mara nyingi kwa sababu ya pini zilizowahi kugusana au umeme uliopanda ghafla. Kadi uliyokuwa nayo haikuwa na kosa; itie kwenye bodi nyingine ya aina ileile, na kazi ya shule iendelee siku hiyohiyo.